Mbweha Waliochukuliwa na Gari la Karatasi

Usiku ule niliketi kwenye ushoroba karibu na simu, miguu nimeikunja, nikisikiliza mvua juu ya bati la jirani. Mume wangu Genzo na binti yetu Mizuho walikuwa ng'ambo ya mto, kwenye yadi ya mnunuzi wa karatasi kuukuu, wakifungua mafurushi ya magazeti kwa mwanga wa tochi. Walikuwa wanatafuta kurasa thelathini na mbili za katuni. Mizuho alizichora kwa miezi minane, na mimi mama yake nilizitoa asubuhi ile kwa mikono yangu miwili, nikapewa roli sita za karatasi za chooni.

Ilikuwa Jumatano. Mashindano ya wachoraji wapya yalikuwa yanafungwa Ijumaa, na bahasha ilitakiwa iwe na muhuri wa posta wa siku hiyo. Mwaka wa mbele Mizuho angekuwa amevuka umri wa kushiriki. Kwa hiyo kila mvua ilipozidi nilihesabu: kesho, keshokutwa, basi.

Mtaa wetu wote unalijua lile gari dogo. Hupita Jumatano moja na kuacha nyingine, polepole, na sauti ya kipaza ikivuta maneno kama mtu anayembembeleza mtoto: magazeti makuukuu, majarida makuukuu, tunabadilisha na karatasi za chooni. Wanawake hutoka na mafurushi waliyoyafunga kwa kamba. Mimi huwa sitoki na majarida ya katuni. Magazeti ya Genzo, ndiyo, lakini katuni zilikuwa zimepangwa ushorobani kutoka sakafuni hadi kifuani pangu, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

Ila siku ile saa nane mchana wifi yangu Tome, dada mkubwa wa Genzo, alikuwa anakuja na picha ya mwanamume. Dada Tome ni mshenga. Ameozesha watu kumi na wanane katika mji huu wa Kiryu na vijiji vyake, na hakuna hata mmoja aliyeachika, jambo ambalo hukuambia kabla hujamwandalia chai. Nilipoamka nikaiangalia ile milima ya katuni kwa macho yake. Msichana wa miaka ishirini na nne, na ushoroba kama chumba cha mtoto wa shule! Gari lilipoita nikaanza kufunga. Nilipofika kwenye majarida ya chini kabisa, mkono wangu ulihisi kitu kigumu katikati ya kurasa. Majarida ya wasichana huja na zawadi za kadibodi, vijisanduku vya kukunja na vioo vya kuchezea, nikadhani ni hizo. Nilihisi na nikajua nimehisi. Lakini gari lilikuwa limeshafika kwenye duka la tofu, nami nikakaza kamba.

Sikujua kwamba katika majira ya mvua karatasi za kuchorea hujikunja kwa unyevu, na kwamba Mizuho alizilaza zake ndani ya majarida manene, chini ya uzito wote ule, zinyooke kabla ya kutumwa. Hapo ndipo palikuwa mahali salama kuliko pote nyumbani.

Dada Tome alipoingia alisimama mlangoni akavuta pumzi.

"Ee, nyumba imepumua! Ile milima imeenda wapi?"

"Nimeitoa, dada."

"Umechelewa miaka kumi, lakini umefanya vizuri. Mtu akiingia hapa alikuwa anadhani mmempangisha mwanafunzi."

Akafungua mkoba wake mweusi, akaweka picha juu ya meza. Mwana wa pili wa watu wenye duka la mchuzi wa soya, mji wa jirani. Havuti sigara. Nikainama nikashukuru, nikampa na picha ya Mizuho, nikainama tena.

Mizuho alirudi saa kumi na mbili jioni. Alivua viatu, akapiga hatua mbili ushorobani, akasimama.

"Mama, majarida ya chini yako wapi?"

"Nimempa mwenye gari. Shangazi yako alikuwa anakuja, nikaona..."

"Ya chini kabisa, mama."

"Yote."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliitazama ile sehemu ya sakafu ambayo rangi yake ilikuwa tofauti kwa kuwa haikupata jua kwa muda mrefu, kisha akatazama roli sita nilizozipanga kando ya choo. "Miezi minane," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kama anaongea na mtu mwingine. Halafu akavaa viatu tena. Genzo, ambaye alikuwa ameshaanza kula, aliacha vijiti vyake, akachukua tochi na koti la mvua, akamfuata.

Niseme huyu Mizuho ni mtu gani, maana watu wakisikia "mchoraji" hufikiria mtu wa ajabu. Ni msichana wa kawaida. Alizaliwa hapa, na sauti ya mitambo ya kufuma ndiyo iliyombembeleza. Alimaliza sekondari akaajiriwa kwenye karakana inayotoboa kadi za ruwaza, zile kadi ngumu zenye matundu zinazouambia mtambo ni uzi upi uinuke na upi ulale. Siku nzima anatazama karatasi ya miraba na kutoboa, tundu moja likikosewa ua zima la mkanda wa kimono linaharibika. Kwa hiyo mkono wake hautetemeki. Hapendi samaki wenye miba mingi. Anacheka akiziba mdomo. Hana rafiki wengi, ila wapo wawili ambao humwandikia barua ndefu kuhusu watu wa kwenye katuni, ambao hawapo duniani, nao wanabishana kama majirani: fulani alikosea kumwacha fulani kituoni, kwa nini hakusema neno?

Ugonjwa huu aliupata kwangu. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, nikaingia kiwandani. Pale kona palikuwa na duka la kuazimisha vitabu vya katuni, unalipa kidogo unarudisha kesho. Wasichana wanane tulikuwa tunachangia kitabu kimoja, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanakodoa macho juu ya bega lake. Maandishi magumu katika katuni huwa na herufi ndogo rahisi pembeni yake, za kumsaidia mtoto. Zilinisaidia na mimi. Neno "kiapo", neno "upweke", neno "mrithi", yote niliyajua kwanza kutoka kwa wale wasichana wa katuni wenye nyota machoni. Hata leo nikiandikia ofisi ya manispaa barua, kuna herufi ambazo nikiziandika naona uso wa mtu anayelia.

Na Mizuho alipokuwa mdogo nilimsomea, kidole changu kikipita kwenye visanduku kutoka kulia kwenda kushoto. Yeye ndiye aliyenionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona. Alikuwa na miaka sita. "Mama, hapa hawaongei. Usiseme." Kumbe mimi nilikuwa najaza maneno pale ambapo hakuna. Ukurasa ulikuwa na birika linalotoa mvuke, dirisha, na nguo kwenye kamba. Tangu siku ile hizo ndizo kurasa ninazozipenda kuliko zote. Watu wawili wamegombana, na badala ya kukuambia uchungu wao, mchoraji anakuchorea birika. Ukifungua ukurasa unaofuata unajikuta unalia na hujui kwa nini. Sinema zetu za zamani nazo ni hivyo hivyo. Kamera imekaa chini kama mtu aliyeketi mkekani, wenyewe wamekwisha kutoka chumbani, nayo bado inatazama mlango.

Genzo hapendi. Yeye hupenda katuni za besiboli kwenye televisheni, na kila wiki hulalamika. "Huyu kijana ametupa mpira Jumatatu ya wiki iliyopita, mpaka leo haujafika! Kwanza akumbuke marehemu baba yake, halafu mpigaji naye akumbuke wa kwake. Mpira wenyewe umezeeka hewani." Lakini hainuki kwenda kuoga mpaka ufike. Na nimemwona akifuta jicho adui alipopiga magoti, kwa sababu katika katuni hizi adui naye ana mama yake, ana sababu yake, na ukikaa naye sana humchukii tena.

Mimi huzitazama nikikunja nguo. Naona wanavyopunguza kazi: uso hausogei, mdomo tu unafunguka na nywele zinapepea. Lakini ikifika kwenye chakula hawapunguzi kitu. Wali unatoa moshi, yai linang'aa. Mizuho aliniambia kuna watu ambao kazi yao ni kuchora picha za katikati, kati ya mkono kuinuka na mkono kushuka, mamia kwa siku, na majina yao hupita mwishoni haraka hivi kwamba huwezi kuyasoma. Tangu aliponiambia huwa najaribu kuyasoma.

Kwa hiyo mimi si mtu anayedharau katuni. Hilo ndilo lililoniuma pale kando ya simu. Mwenye kudharau angekuwa amekosea kwa kutojua. Mimi niliona haya mbele ya Dada Tome, nikatoa nje kitu ambacho nakipenda.

Simu ililia saa tatu na dakika ishirini. Niliinua kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mama Mizuho," Genzo akasema, "tumepata kumi na tisa."

"Kati ya thelathini na mbili?"

"Usiku bado. Mwenye yadi ametuwashia taa za lori. Mtu mwema, ila ana tatizo moja. Kila akiokota ukurasa anasimama kuusoma. Mizuho amemwambia, 'Mzee, tafuta kwanza, soma baadaye.'"

"Mizuho yukoje? Amevaa koti?"

"Koti amefunikia kurasa."

"Genzo!"

"Nimempa langu, nimempa langu. Mashine ya kubana karatasi inaanza saa kumi na mbili alfajiri. Lala."

Sikulala. Walirudi karibu na saa tano, wote wawili wamelowa hadi mifupani, na Genzo amebeba kwapani mfuko wa plastiki kana kwamba ni mtoto. Kurasa ishirini na nane. Mafurushi mengine yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye kiwanda cha karatasi na lori la jioni. Nne zilikuwa zimepotea: ya tisa, ya kumi, na mbili za mwisho.

"Niandalie taulo," Mizuho akamwambia baba yake. Si mimi. Nilisogea na taulo mkononi. "Usiziguse, mama." Akachukua kurasa kavu, akaingia chumbani kwake, akausukuma kando mlango wake, ule wa fremu ya mbao na karatasi, mpaka ukagonga nguzo.

Genzo alizilaza sita zilizolowa juu ya meza, kitambaa chini na kitambaa juu, akaenda kuoga. Nilikaa nazo. Sikuzigusa, lakini macho hayana mkono. Kitambaa cha juu kilikuwa chepesi, na ukurasa mmoja ulikuwa umejitokeza nusu.

Ilikuwa hadithi ya ukoo wa mbweha wanaoishi kama watu. Mshenga anakuja: mbweha mnene kidogo, mwenye adabu, mkia umefungwa utepe, na mkoba mweusi. Nilicheka peke yangu, nikaziba mdomo. Halafu nikamwona mama mbweha. Kabla mgeni hajaingia anakimbia nyumba nzima, anaficha mikia. Anasukuma mikia ya watoto kabatini, anaukalia wa kwake, na wa binti yake, ambao ndio mzuri kuliko yote, ameukunja akautia ndani ya mtungi wa achari na kuweka jiwe juu. Kisha anainama mbele ya mgeni. Visanduku vitatu anainama tu. Katika cha tatu unaona mgongo wake peke yake, na ni mgongo wangu. Hata kiraka cha aproni.

Alikuwa ameuchora miezi kadhaa kabla ya lile gari. Alikwisha kunijua.

Alhamisi Mizuho alipiga simu kazini akasema ana homa, akarudi chumbani. Genzo alipoondoka aligonga mlango kwa kidole kimoja. "Mwanangu, usisahau kupumua."

"Ndiyo, baba."

Mimi niligonga nikasema, "Mizuho, nisamehe. Nilihisi kuna kitu kigumu mle, na sikutazama."

Kalamu ilikuwa inakwaruza. Ikasimama. Ikaendelea.

Niliweka sinia nje ya mlango: matonge matatu ya wali, yai, figili za chumvi. Nikaenda kwenye karakana ninakoshona mikanda, nikajichoma kidole mara mbili. Saa sita nilirudi mbio. Sinia lilikuwa vile vile, ila figili zimeliwa. Nikajipa moyo kwa figili. Nikabadilisha chai, nikarudi kazini, na saa kumi nikaomba ruhusa nikaja tena. Sasa matonge mawili yalikuwa yameondoka. Nikahesabu kichwani: kurasa nne, siku moja tu, na bado baada ya wino kuna kufuta penseli, kuna kujaza sehemu nyeusi, na posta yetu hufunga dirisha saa kumi na moja jioni. Mtu mmoja hawezi. Hata mkono usiotetemeka ni mkono mmoja. Lakini sikuthubutu kusema, maana mtu aliyechoma nyumba hapeleki ndoo akidai shukrani.

Simu ililia. Iko pale ushorobani, hatua tatu kutoka mlango wake.

"Fusae! Habari njema," Dada Tome akasema. "Wameiona picha ya Mizuho, wamependa. Jumapili mchana, mkahawa wa mikunga kando ya mto. Nimekwisha kukubali."

"Asante sana, dada. Tunashukuru. Umejisumbua." Nilikuwa nimeinama peke yangu ushorobani, paji la uso karibu ligonge ukuta. Nikajiona. Nikanyoosha mgongo. "Ila Jumapili, dada... sijamuuliza."

"Kumuuliza nini? Yuko kazini?"

"Yuko chumbani."

"Anaumwa?"

Homa ilikuwa tayari, imeshatengenezwa, ningeweza kuichukua. "Haumwi," nikasema. "Anachora katuni."

"Nilidhani umezitoa."

"Nilizitoa. Na za kwake nikazitoa humo humo. Jana usiku baba yake na yeye walikuwa kwenye takataka za karatasi wanazitafuta. Kesho zinakwenda kwenye mashindano."

"Fusae, nisikilize mimi dada yako. Wale ni watu wa mchuzi wa soya, vizazi vinne. Wakisikia binti wa miaka ishirini na nne anachora vikaragosi, Jumapili tutakula mikunga mimi na wewe."

"Basi waambie leo, wasijisumbue. Au waje wakijua. Waambie kwamba nyumba hii ina katuni, ilikuwa nazo hadi hapa kifuani, na zitajaa tena. Mimi mwenyewe nazisoma. Nimezisoma tangu kiwandani."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na umri huo!"

"Na umri huu."

"Aibu hiyo utaila mwenyewe, mimi simo."

"Nimekwisha kuila, dada. Tangu jana."

Nilisikia akipumua kwa pua kama mtu anayepoza supu. "Na huko kuchora, anachora nini hasa?"

Nikaangalia mlango. Kalamu ilikuwa imenyamaza, sijui tangu lini. "Mbweha. Kuna mama mbweha mwoga sana. Na kuna mshenga."

"Mshenga mbweha?"

"Mwenye heshima zake. Ana mkoba."

"Mnene?"

Nilifikiri kusema uongo mmoja mdogo wa adabu. "Kiasi, dada."

Simu ilikatwa. Nikairudisha mahali pake taratibu, nikabaki nimesimama, mikono imeshika aproni. Nilijua sitasikia neno la Dada Tome hadi sikukuu ya wafu mwezi wa nane, na kwamba Genzo ataniuliza nimemfanya nini dada yake. Nje mvua ilikuwa imepungua. Nyuma ya mlango ule hakukuwa na sauti yoyote, wala kalamu, wala kiti, na nikaanza kuogopa kwamba kwa kelele zangu nimemharibia na mstari.

Mlango ukasogea. Kwanza upana wa kiganja, ukakwama, kwa kuwa majira ya mvua mbao hufura, kisha ukasukumwa kwa goti. Mizuho alikuwa amefunga nywele kwa kamba ya kifurushi. Alikuwa na wino kwenye shavu na macho yake yalikuwa mekundu. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama kadi kabla ya kutoboa.

"Ukurasa wa tisa umekauka," akasema. "Umebaki na mistari ya penseli ya kufuta. Ufute kuelekea upande mmoja tu, usirudi nyuma, karatasi itakunjika."

"Naweza," nikasema.

"Nawa mikono kwanza."

Niligeuka nikaenda bombani. Nilipokuwa nasugua kila kidole kwa sabuni nilitega sikio kusikia kama mlango utafungwa nyuma yangu. Haukufungwa.